Gharama ya ufuasi wa Kikristo katika Uluguru

Gharama ya ufuasi ni jina ambalo Wakristo huyapa yale mtu anayokubali kuyapoteza au kuyavumilia kwa sababu ya kumfuata Yesu Kristo: mali, cheo, amani na jamaa zake, afya, na pengine uhai wenyewe. Makala hii inahusu hasa Morogoro na Milima ya Uluguru, nchini Tanzania, ambako Ukristo uliingia katika nusu ya pili ya karne ya 19 kutoka pwani ya Bagamoyo.

Katika eneo hilo gharama ya ufuasi imeonekana zaidi katika uaminifu wa miaka mingi kuliko katika kifodini. Waliolipa walikuwa watu waliotolewa utumwani, walimu wa misheni, wake na waume, mabinti waliojiunga na utawa, na makatekista wa vijiji vya milimani. Historia yao inaleta swali ambalo teolojia ya Kikristo imeliuliza tangu zamani: je, mateso ni ufuasi hata kama anayeteseka hakuyachagua?

## Msingi katika Biblia

Injili zinasimulia mara kadhaa kwamba Yesu aliwaonya waliotaka kuandamana naye. Kadiri ya Mk 8:34-38, anayetaka kumfuata anapaswa kujikana na kuuchukua msalaba. Wasikilizaji wa kwanza walijua vizuri maana ya neno hilo, kwa kuwa msalaba ulikuwa adhabu ya Warumi kwa watumwa na waasi.

Maelezo marefu zaidi yako katika Lk 14:25-33. Hapo kuna mifano miwili: mtu anayetaka kujenga mnara, na mfalme anayekwenda vitani. Kila mmoja anaketi kwanza na kupiga hesabu kama ataweza kumaliza alichokianza. Mifano hiyo inaonyesha kwamba ufuasi unaotakiwa ni wa mtu anayejua anachokiingia na ambaye bado ana nafasi ya kukataa. Kijana tajiri wa Mk 10:17-22 alikataa akaenda zake, wala hakulazimishwa kubaki.

Nyaraka za Mitume zinaendeleza wazo hilo. Waraka wa kwanza wa Petro unatofautisha anayeteseka kwa sababu ya uovu wake na anayeteseka kwa sababu ya kuwa Mkristo (1 Pet 4:15-16). Mtume Paulo aliyahesabu mateso yake kuwa ushirika na Kristo, lakini pia alikwepa hatari alipoweza: alitoroka Damasko akiwa ndani ya kapu, na alidai haki zake kama raia wa Roma.

## Hiari katika mafundisho ya Kanisa

Katika karne za kwanza, Kanisa lililazimika kueleza nani anastahili kuitwa mfiadini. Masimulizi ya kifo cha Polikarpo, askofu wa Smirna katika karne ya 2, yanamtaja pia mtu mmoja aliyeitwa Quintus. Huyo alijipeleka mwenyewe kwa watawala ili auawe, lakini alipowaona wanyama wakali aliikana imani. Mwandishi anatumia kisa hicho kufundisha kwamba Mkristo asitafute mateso, ila asimkane Kristo mateso yakimfikia.

Hivyo mambo mawili yalikataliwa pamoja: kuyatafuta mateso kwa kiburi, na kuyakwepa kwa kuikana imani. Kati ya hayo mawili ndipo ulipo ufuasi: mtu anakubali kwa hiari matokeo ya kuishi anavyoamini.

Katika karne ya 20 mada hiyo ilipata nguvu mpya kwa mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, Dietrich Bonhoeffer. Mwaka 1937 alitoa kitabu kuhusu ufuasi, akilaumu Wakristo waliotaka msamaha wa Mungu bila kubadili maisha, huku serikali ya Adolf Hitler ikilitaka Kanisa liinyenyekee. Alikamatwa mwaka 1943 na kunyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945.

Katika Afrika Mashariki mfano unaojulikana zaidi ni wafiadini wa Uganda, Wakatoliki na Waanglikana waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga II. Wengi wao waliuawa kwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kati yao kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Katika Kenya ya miaka ya 1950, Wakristo wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao waliuawa. Nchini Uganda, askofu mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana aliuawa tarehe 16 Februari 1977, baada ya kupinga mauaji yaliyofanywa na serikali ya Idi Amin.

Uluguru haina mahali pa hija kama Namugongo. Gharama iliyolipwa huko ni ya aina nyingine, na kwa sababu hiyo ni rahisi kusahaulika.

## Mazingira ya Uluguru

Mji wa Morogoro uko chini ya Milima ya Uluguru, takriban kilomita 190 magharibi kwa Dar es Salaam. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita hapo, kwenye mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo, ambao baadaye ulitawaliwa na binti yake Simbamwene. Milimani waliishi Waluguru, waliopanda juu pamoja na mambo mengine ili kujikinga na vita na biashara ya watumwa.

Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mashamba hugawiwa na ukoo. Mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Watangulizi wa ukoo hukumbukwa kwa tambiko, na msichana aliyevunja ungo huwekwa ndani kama mwali ili afundishwe mambo ya utu uzima. Kwa hiyo mtu aliyebatizwa alibadilisha dini huku akiendelea kuishi katika mpango ambamo shamba, ndoa, afya na mvua vilifungamana na heshima kwa wahenga.

## Vijiji vya Kikristo vya waliotolewa utumwani

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao kutoka Ufaransa, walichukua misheni ya Zanzibar mwaka 1863, na mwaka 1868 walifungua kituo cha Bagamoyo wakiongozwa na padri Antoine Horner. Walinunua watumwa, hasa watoto, na kupokea wengine waliokamatwa na meli za Waingereza baharini. Watoto walifundishwa dini, kusoma, kilimo na ufundi. Wasichana walilelewa na masista kutoka kisiwa cha Réunion. Vijana walipooana walipewa nyumba na shamba katika kijiji cha Kikristo karibu na misheni.

Maisha yalikuwa magumu. Kipindupindu kilipiga Zanzibar na pwani mwaka 1869 na 1870, na kimbunga cha Aprili 1872 kiliharibu sehemu kubwa ya majengo ya Bagamoyo. Homa iliwaua wamisionari wengi wakiwa bado vijana. Makaburi yao yanaonekana hadi leo huko Bagamoyo.

Kutoka pwani, familia za Kikristo zilipelekwa bara pamoja na mapadri kuanzisha vituo vipya. Cha kwanza kilikuwa Mhonda, katika Milima ya Nguru, mwaka 1877. Katika miaka ya 1880 zilifuata misheni nyingine, ikiwemo ya Morogoro, na kabla ya karne ya 19 kwisha misheni ilikuwa imefika Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru. Bila familia hizo vituo visingeweza kusimama: ndizo zilizolima, kujenga, kutafsiri na kuwaonyesha majirani jinsi Wakristo wanavyoishi.

Hata hivyo wanahistoria wanauliza ni kwa kiasi gani watu hao walichagua. Mtoto aliyenunuliwa sokoni hakuulizwa kama anataka kwenda misheni. Alipokua alipangiwa kazi, ratiba ya sala na mara nyingi mahali pa kuishi. Mtafiti Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu misheni hizo, ameonyesha kwamba baadhi walitoroka, na wengine walidai kutendewa vizuri zaidi. Pia wapo waliobaki na kuifanya imani kuwa yao, hata wakawafundisha wengine.

Kwa upande wa teolojia tofauti hiyo ni muhimu. Kunyakuliwa kutoka kwao, kutembezwa hadi pwani na kuuzwa yalikuwa mateso makubwa kuliko yote waliyoyapata, lakini hayakuwa gharama ya ufuasi, kwa sababu waliyapata bila kumjua Kristo na bila kuulizwa. Ufuasi wao ulianzia pale kila mmoja alipokuwa na nafasi ya kuondoka akaamua kubaki. Kutoroka kwa wengine kunathibitisha kwamba nafasi hiyo ilikuwepo, ingawa ilikuwa finyu: aliyeondoka misheni bila ndugu wala ukoo aliweza kukamatwa na kuuzwa tena.

## Vita vya pwani na vya Majimaji

Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walipigana na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Misheni ya Bagamoyo haikushambuliwa, na maelfu ya watu walikimbilia humo. Wamisionari wake walikuwa wameishi na wenyeji kwa miaka 20, tena walikuwa Wafaransa. Misheni ya Pugu ilikuwa ya Wabenedikto kutoka Ujerumani, waliofika karibuni. Tarehe 13 Januari 1889 ilivamiwa na kuteketezwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka.

Hali kama hiyo ilirudi wakati wa vita vya Majimaji vilivyoanza Julai 1905. Habari za dawa ya maji zilihusishwa pia na Kolelo, mzimu ulioheshimiwa sana huko Kolero katika Uluguru. Tarehe 14 Agosti 1905 askofu Cassian Spiss, mabruda wawili na masista wawili waliuawa wakiwa safarini katika eneo la Liwale, kusini mwa nchi.

Wakatoliki wengi huwakumbuka waliokufa Pugu na Liwale kama wafiadini. Wanahistoria huongeza kwamba walioua walikuwa wanapigana na utawala uliowatoza kodi na kuwatumikisha mashambani, nao waliihesabu misheni kuwa sehemu ya utawala huo. Hoja hizo mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Aliyeuawa aliweza kuwa amekuja kwa ajili ya Injili tu, na aliyemuua akawa hakuona tofauti kati ya kanzu na bunduki. Mkristo mwenyeji alibanwa zaidi: akiikataa dawa ya maji alionekana msaliti wa watu wake, na akiipokea alijitenga na ubatizo wake.

## Vita Vikuu vya Kwanza

Mwaka 1914 vita vya Ulaya vilifika katika koloni la Wajerumani. Kaskazini-magharibi mwa Uluguru, katika nchi ya Ukaguru, Waanglikana wa shirika la CMS walikuwa na misheni tangu takriban mwaka 1880, kuanzia Mamboya. Kwa kuwa wamisionari wao walikuwa raia wa Uingereza, Wajerumani waliwafunga. Walimu Waafrika wa misheni hizo, na wale wa misheni ya Kianglikana ya Bonde katika Tanga, walishukiwa kuwa wapelelezi.

Wengi walikamatwa, wakachapwa viboko, wakafungwa minyororo na kutumikishwa kama wabeba mizigo. Baadhi walikufa. Waliofungwa Tabora walipata uhuru Septemba 1916, jeshi la Wabelgiji lilipouteka mji huo.

Walimu hao hawakuteswa ili waikane imani yao. Waliteswa kwa sababu ya watu waliofanya nao kazi ya dini. Lakini waliofunguliwa walikuwa na nafasi ya kuiacha kazi iliyowaletea viboko, na wengi walirudi kwenye shule na makanisa yao. Kwa mtazamo wa ufuasi, kurudi huko kuna uzito kuliko viboko vyenyewe.

Mji wa Morogoro ulitekwa na majeshi ya Uingereza tarehe 26 Agosti 1916. Wanaume walichukuliwa na pande zote mbili kubeba mizigo ya jeshi, chakula kilinyang'anywa, na mwishoni mwa vita homa ya mafua iliua watu wengi. Wamisionari Wajerumani walifukuzwa nchini baada ya vita, na katika maeneo kama Uzaramo sharika za Kilutheri zilishikiliwa na walimu Waafrika.

## Gharama ndani ya ukoo

Kwa Mluguru wa kawaida, jaribu la imani lilitokea nyumbani mara nyingi kuliko vitani.

### Tambiko na unyago
Mkristo aliyekataa kushiriki tambiko la ukoo aliweza kulaumiwa mvua ilipokosekana au mtoto alipougua. Kwa miaka mingi wamisionari walipiga vita ngoma za unyago, na familia iliyotii ilichekwa kuwa binti yao hajafundwa. Si Wakristo wote wa Afrika Mashariki waliona kwamba ni lazima kuchagua kimoja kati ya hivyo. Kusini mwa Tanganyika, askofu Mwanglikana Vincent Lucas wa Masasi aliingiza sala na mafundisho ya Kikristo katika jando. Peter Pels, aliyechunguza Wamisionari na Waluguru wa Matombo na kuchapisha kitabu mwaka 1999, ameeleza jinsi pande hizo mbili zilivyoathiriana katika maisha ya kila siku.

### Mitara
Mwanamume mwenye wake wengi aliyetaka ubatizo alitakiwa kubaki na mmoja. Hapa gharama iligawanyika vibaya. Mume alichagua ubatizo. Mke aliyeachwa hakuchagua chochote, naye alirudi kwa ndugu zake, pengine pamoja na watoto. Suala hilo limejadiliwa sana katika makanisa ya Afrika, kwa sababu linaonyesha kwamba uamuzi wa mfuasi mmoja unaweza kulipiwa na mtu mwingine.

### Utawa na upadri
Mwaka 1937 askofu Bernard Hilhorst alianzisha huko Mgolole, karibu na mji wa Morogoro, shirika la kitawa la wanawake la Moyo Safi wa Maria. Katika jamii inayohesabu ukoo kwa mama, nadhiri ya useja ya msichana ina maana nzito. Watoto wa kaka yake si wa ukoo wake. Ukoo unaendelea kupitia yeye na dada zake tu. Msichana aliyeingia utawani aliunyima ukoo wajukuu, nao wazee na wajomba walikuwa na sababu ya kupinga. Hivyo aliyeomba kupokelewa alipaswa kwanza kushinda shauri la nyumbani, na wazazi waliomruhusu walitoa sadaka yao pia.

Kwa upande wa uongozi, Vikarieti ya Kitume ya Bagamoyo, iliyopata jina hilo mwaka 1906, ilifanywa kuwa Jimbo la Morogoro mwaka 1953. Adriani Mkoba aliteuliwa mwaka 1966 kuwa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Kwa Waanglikana, Dayosisi ya Morogoro ilianzishwa mwaka 1965 chini ya askofu Gresford Chitemo, mtu wa uamsho wa Afrika Mashariki, ambao husisitiza kuungama dhambi hadharani na kurudisha kilichoibwa.

## Makatekista

Parokia moja ya milimani inaweza kuwa na vigango vingi ambavyo padri hafiki kila Jumapili. Kazi ya kufundisha wakatekumeni, kuongoza ibada, kutembelea wagonjwa na kuzika hufanywa na katekista. Kwa kawaida ni mkulima mwenye familia, anayepewa posho ndogo au asiyepewa kitu. Katika Uluguru kazi hiyo maana yake ni kupanda na kushuka miteremko mikali, hasa wakati wa masika njia zinapoteleza.

Gharama yake huhesabika kwa siku za shamba zilizopotea. Mke na watoto wa katekista huibeba pamoja naye, na mara nyingi makubaliano yao ndiyo yanayomwezesha kudumu.

## Mijadala

Wapo wanaoonya kwamba mahubiri juu ya msalaba yanaweza kutumiwa vibaya. Mke anayepigwa huambiwa avumilie, maskini huambiwa aridhike, na mfanyakazi wa Kanisa asiyelipwa huambiwa atapata thawabu mbinguni. Kadiri ya ukosoaji huo, anayehubiri gharama ya ufuasi anapaswa kuangalia nani analipa na kama alikubali.

Kwa upande mwingine, wahubiri wa injili ya mafanikio, ambao wamepata wafuasi wengi katika miji ya Tanzania, hufundisha kwamba imani ya kweli huleta afya na mali. Wapinzani wao, katika makanisa ya zamani na hata kati ya Wapentekoste, hujibu kwamba fundisho hilo humwacha mgonjwa na maskini na mzigo wa pili, yaani kudhaniwa kuwa hana imani.

Historia ya Uluguru inagusa pande zote mbili. Inaonyesha watu walioteseka sana bila kuulizwa, na mateso hayo hayakuwafanya wanafunzi wa Yesu. Inaonyesha pia watu waliokuwa na njia ya kuondoka, baada ya utumwa, baada ya gereza la Tabora au baada ya mavuno mabaya, nao wakaendelea. Wengi wao hawamo katika orodha yoyote ya watakatifu, na majina yao yamebaki katika vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia na katika kumbukumbu za koo zao.